Wanyama kwa dakika moja: niliyojifunza nikimuuguza mjomba mwenye ini lililosinyaa

Mjomba wangu ni karani wa mizani pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza. Amepima dagaa na sangara tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na sikuwahi kumwona akishika kikokotoo. Ukimtajia kilo na bei, jibu linatoka kabla hujafunga mdomo. Kwa hiyo mteja mmoja aliporudi na noti ya elfu kumi aliyozidishiwa kwenye chenji, wenzake walisema tu kwamba mzee amechoka. Ikatokea tena. Halafu ikatokea kwa mteja ambaye hakurudi, na tajiri wa magunia akaanza kuuliza maswali.

Wakati huo tulikuwa tunajua tayari kwamba ini lake limesinyaa, yaani limejaa makovu (sirosisi). Chanzo kilikuwa homa ya ini B, iliyogundulika baada ya tumbo kujaa maji. Alipigwa ultrasaundi, akapanda hospitali ya Bugando kumezeshwa kamera ya kuangalia mishipa ya umio, akaanzishiwa tenofovir na dawa za kupunguza maji. Daktari alimuuliza pia kuhusu kichocho, maana mjomba amekulia kisiwa cha Ukerewe na utoto wake wote ulikuwa ziwani. Kichocho cha tumbo nacho huweka makovu kwenye ini na kujaza wengu, ingawa mara nyingi ini lenyewe huendelea kufanya kazi zake. Kwake tatizo kubwa lilikuwa kirusi. Baada ya miezi kadhaa tumbo likashuka, uvimbe wa miguu ukapungua, kilo zikaongezeka kidogo. Nyumbani tukapumua. Tulidhani kazi iliyobaki ni kumeza vidonge na kuhudhuria kliniki.

Kila alipofika kliniki aliulizwa jina lake, tarehe na mahali alipo. Akajibu vizuri, tena kwa sauti yake ile ya mwaloni. Faili likaandikwa kwamba fahamu ziko sawa. Hapo ndipo familia nyingi zinapopotea, kwa sababu hali ninayoizungumzia, ubongo kuvurugwa na ini lisilofanya kazi vizuri (hepatic encephalopathy), ikiwa bado mwanzoni haimfanyi mtu asahau jina lake. Anasalimia watu, anacheka, anasali, anajua nani kaoa nani kwenye ukoo. Kinachopungua ni kasi ya kufikiri, umakini, na uwezo wa kushika mambo mawili kichwani kwa wakati mmoja. Maswali ya jina na tarehe hayawezi kukamata kitu kama hicho.

Kwa lugha niliyoielewa mimi, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na si mtu wa afya, ni hivi: bakteria wa utumbo mpana, pamoja na mwili wenyewe unapovunja protini, hutengeneza amonia. Ini zima huikamata amonia hiyo na kuigeuza urea, ambayo hutoka kwa mkojo. Ini lenye makovu linashindwa kuimaliza, na damu nyingine inapita pembeni kwenye mishipa iliyotanuka bila kusafishwa kabisa. Amonia inafika kwenye ubongo na kuusumbua. Ikizidi sana, mtu anachanganyikiwa waziwazi na anaweza kupoteza fahamu kabisa. Ikiwa kidogo, inamharibia hesabu, usingizi na hasira, na hakuna anayefikiria ini.

Usingizi ndio ulioanza, kabla hata ya chenji. Usiku alikaa macho akizungukazunguka uani, mchana akasinzia juu ya gunia. Mke wake alinipigia simu akilia. Aliniambia, "Mwalimu, huyu mwanamume nimekaa naye tangu tukiwa vijana, sasa simjui. Nikimuuliza kitu kidogo ananifokea." Alishaanza kuhisi kuna mwanamke mwingine. Ndugu wa Ukerewe walihisi mkono wa mtu, wakataka apelekwe kwa mganga. Zahanati moja ilimpima malaria na taifodi, ikampa sindano. Duka moja la dawa likamuuzia vidonge vya usingizi bila cheti.

Vile vidonge vilitupa wiki mbaya kuliko zote. Alilala hadi saa sita mchana, akaamka ulimi mzito, akavaa shati kinyume. Baadaye daktari alitueleza kwamba dawa za usingizi za jamii ya diazepamu ni hatari kwa mtu mwenye ini lililosinyaa. Zinakaa mwilini muda mrefu na zinaweza kuusukuma ubongo ambao tayari unayumba. Ukiwa na mgonjwa wa ini nyumbani, shika hili kabla ya jingine lolote: hakuna kidonge cha usingizi, cha maumivu wala cha kienyeji kinachoingia mdomoni bila daktari wake kujua. Hata zile dawa za maumivu ya mgongo zinazouzwa kila kona, diklofenaki na ibuprofeni, zinaweza kuumiza figo zake na kuanzisha mkasa.

Nilimsindikiza mwenyewe kliniki iliyofuata, na safari hii niliandika kwenye karatasi mambo yaliyobadilika: chenji, usingizi, hasira, kupitiliza kona ya kuingia mtaani kwake akiwa kwenye pikipiki. Mjomba alikasirika nilipoitoa ile karatasi. "Mjomba, unanishitaki?" aliniuliza mbele ya daktari. Hakuwa anajifanya. Yeye mwenyewe hakuona tatizo lolote, na daktari alisema hilo ni la kawaida kabisa katika hali hii. Ndiyo maana mgonjwa asiende peke yake. Maelezo ya anayelala naye chumba kimoja, au anayefanya naye kazi, yana uzito kuliko maelezo yake mwenyewe.

Daktari kwanza alimwambia anyooshe mikono mbele na kuinua viganja kama askari anayesimamisha magari. Mikono ilitulia. Ingekuwa inapigapiga kama mbawa, hiyo ingekuwa hatua ya mbele zaidi. Kisha akaweka simu yake mezani.

"Mzee, nakupa dakika moja. Nitajie wanyama wote unaowajua. Wa nyumbani, wa porini, wa majini, wadudu, ndege, wote. Lugha yoyote unayotaka. Usirudie."

Mjomba akatabasamu. Alikiona kitu cha watoto. "Ng'ombe. Mbuzi. Kondoo. Mbwa. Kuku." Akanyamaza. Macho yakapanda dirishani. "Simba... tembo." Akanyamaza tena, muda mrefu. "Ng'ombe." Daktari hakusema neno. "Mbuzi nimeshasema?" Kisha, wakati dakika inakaribia kuisha, "Fisi."

Wanane. Mtu aliyeishi ziwani maisha yake yote hakutaja samaki hata mmoja. Sato, sangara, dagaa, furu, kambare, kamongo, ningu: majina anayoyatamka kutwa nzima kazini hayakuja. Nilikuwa nimekaa nyuma yake na nilishindwa kujizuia, machozi yalinitoka.

Daktari alieleza kwa utulivu. Kipimo hicho cha kutaja wanyama kilichapishwa mwaka 2017 na watafiti wa Padova, Italia, na kinapendwa kwa sababu hakihitaji chochote zaidi ya saa. Anayefikisha 15 au zaidi yuko vizuri. Kati ya 10 na 14 ni eneo la shaka. Chini ya 10, ubongo una tatizo la wazi zaidi. Kwa mtu aliyesoma chini ya miaka minane, waliotengeneza kipimo huongeza alama kidogo, kwa sababu shule yenyewe inachangia jinsi mtu anavyojibu. Mjomba aliishia darasa la saba. Baada ya nyongeza hiyo akaangukia kwenye shaka, na daktari hakutaka kuamua kwa shaka. Akatoa karatasi.

Nizungumzie karatasi hizo kwa kirefu, maana ndizo ambazo wagonjwa wengi hawajawahi kuonyeshwa. Kuna seti ya vipimo vitano vya karatasi na penseli iliyotengenezwa Ujerumani, na inatumika nchi nyingi. Kipimo cha kwanza kina namba kutoka 1 hadi 25 zilizotawanywa ovyo ndani ya viduara. Unaunganisha kwa mstari, 1 kwenda 2 kwenda 3, haraka uwezavyo, huku saa inakimbia. Cha pili kinachanganya namba na herufi: 1, kisha A, kisha 2, kisha B. Cha tatu kina alama tisa, kila moja na namba yake, na una sekunde 90 za kujaza alama sahihi chini ya namba. Cha nne unaweka nukta katikati ya viduara, safu baada ya safu. Cha tano unapitisha penseli katikati ya mistari miwili inayopindapinda bila kuigusa. Yote kwa pamoja hayazidi dakika 20. Matokeo hulinganishwa na ya watu wazima wenye afya, wa umri na elimu inayokaribiana, na viwango hivyo hutofautiana nchi na nchi. Kwa hiyo usichukue namba ya mgonjwa wa Ulaya ukambandika mzee wa Nansio kule Ukerewe.

Mjomba alifanya cha kwanza na cha tatu. Katika kile cha namba alikwenda vizuri mpaka 14. Namba 15 ilikuwa karibu na kidole gumba chake, nusu imefunikwa na kivuli cha mkono. Aliitafuta karatasi nzima, juu, chini, akarudi 14, akaanza kuhesabu upya kwa midomo kimyakimya. Huyu ni mtu anayezidisha kilo kwa bei akiwa anapiga soga. Alipoweka penseli chini jasho lilikuwa limemtoka, na kwa mara ya kwanza alinitazama kama mtu anayeuliza nini kinampata. Ile karatasi ilimwambia kitu ambacho mimi na mke wake tulishindwa kumwambia kwa miezi.

Daktari hakuishia hapo, na nataka msomaji alione hili. Kufanya vibaya kwenye vipimo hivi hakuthibitishi kwamba ni ini. Sukari iliyoshuka, chumvi ya sodiamu iliyopungua kwenye damu, maambukizi, pombe, sonona, kuumia kichwani, njaa, hata miwani iliyosahauliwa nyumbani, vyote vinaweza kumshusha mtu. Akaagiza sukari, figo, chumvi za damu na wingi wa damu, akauliza kuhusu choo cheusi na homa, akaangalia kama maji yamerudi tumboni. Niliuliza kwa nini hapimi amonia moja kwa moja. Akasema amonia iliyopanda peke yake haitoshi kumwambia mtu ana tatizo la ubongo, na sampuli yake isiposhughulikiwa haraka kwenye barafu inadanganya. Ikiwa ya kawaida ndiyo inasaidia zaidi, kwa kuwa inamlazimu daktari atafute sababu nyingine.

Majibu yalionyesha sodiamu imeshuka kidogo kwa sababu ya dawa za kupunguza maji. Na mjomba alikiri jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: alikuwa anakaa siku tatu bila kwenda choo. Dawa hizo zikapunguzwa, na akaandikiwa laktulosi.

Laktulosi ni dawa ya kunywa, tamu kupita kiasi. Ni sukari ambayo mwili hauinyonyi. Inafika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wanaigeuza kuwa asidi, asidi hiyo inaizuia amonia isirudi kwenye damu, na choo kinalainika na kuitoa nje. Kipimo cha dawa hii hakiko kwenye kijiko, kiko chooni. Unaongeza au kupunguza mpaka mgonjwa apate choo laini mara mbili hadi tatu kwa siku. Mara moja haitoshi. Mara sita za majimaji ni nyingi mno, zinamkausha maji, na kukauka maji nako kunaharibu ubongo na figo. Sisi tulianza na vijiko viwili vya mezani asubuhi na jioni, kama alivyoelekeza daktari.

Wagonjwa wengi huiacha dawa hii, na nawaelewa. Tumbo linajaa gesi. Mtu anaona haya. Mwaloni choo ni cha kulipia na foleni ya asubuhi ni ndefu. Mjomba alianza kuruka dozi ili asiaibike mbele ya wachuuzi. Kilichosaidia ni mke wake kuhamishia dozi ya kwanza alfajiri sana, kabla ya swala, ili choo cha kwanza kimkute bado nyumbani. Aliichanganya na maji ya ndimu kuua ule utamu. Gharama ni kitu cha kupanga mapema. Chupa moja ndogo tulinunua kwa zaidi ya shilingi elfu kumi, na kwa dozi ile haimalizi hata siku mbili. Uliza maduka kadhaa kabla ya kununua, maana bei zinapishana sana, na uliza kama wana chupa kubwa. Kuna dawa nyingine, rifaksimini, ambayo huongezwa laktulosi inaposhindwa peke yake, lakini ni ghali zaidi na sisi hatujaihitaji.

Kwenye chakula tulikuta vita. Majirani walishika kwamba mgonjwa wa ini asile nyama wala maharage wala samaki, na kwa muda mjomba aliishi kwa uji na ugali wa mlenda. Akakonda mabega. Mtaalamu wa lishe alikataa kabisa utaratibu huo. Ushauri wa kukata protini ni wa zamani. Misuli nayo husaidia kuondoa amonia, na mwili wenye njaa hula misuli yake wenyewe. Anatakiwa apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mtu wa kilo 60 apate gramu 72 hadi 90 kwa siku. Kwa hiyo dagaa wakarudi, sato akarudi, maharage, mayai na maziwa vikarudi. Kilichobaki nje ni kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kwa sababu ya chumvi inayorudisha maji tumboni. Na kabla ya kulala lazima ale kitu, ndizi mbili za kuchemsha au kikombe cha uji wa maziwa, ili usiku usiwe mrefu bila chakula.

Pikipiki ilikuwa ngumu kuliko vyote. Tafiti zimeonyesha kwamba watu wenye hali hii huchelewa kuitikia barabarani na hupotea njia wanazozijua, hata kama mezani wanaongea vizuri. Daktari alisema apaki chombo mpaka vipimo virudi vizuri. Mjomba hakuongea nami kwa muda. Nilimpa ufunguo mwanawe mkubwa, nikamwomba awe anamshusha baba yake Mwaloni kila asubuhi. Tajiri naye tulimweleza ukweli kwa ruhusa ya mjomba, na kwa heshima kubwa akamwekea kijana wa kuandika daftari huku yeye akisoma mizani. Niliogopa atamfukuza. Waajiri wengine huenda wangefanya hivyo, kwa hiyo pima na mtu wako kabla ya kusema.

Tangu hapo tunapima nyumbani. Ualimu wangu ulinisaidia kwenye jambo moja: najua jinsi mtoto anavyoukariri mtihani badala ya kuuelewa. Mtu mzima ni hivyo hivyo. Ukimpa karatasi ileile ya namba kila mara, atakuwa bora kwa sababu ameizoea, na wewe utafurahia ubongo ambao haujapona. Nilichora karatasi kadhaa zenye mpangilio tofauti na ninazizungusha. Tunafanya mara moja kwa wiki, asubuhi, akiwa amekunywa chai, amevaa miwani, redio imezimwa. Wanyama pia, na wajukuu wanakaa wanahesabu kwa vidole. Naandika tarehe, idadi, muda, na idadi ya choo siku iliyotangulia. Simlinganishi na mtu mwingine, namlinganisha na yeye wa wiki zilizopita. Kipimo kimoja kikiharibika siku moja sisemi kitu. Vikiharibika vyote viwili naanza kuuliza: choo kimekuwaje, kuna homa, choo ni cheusi, mkojo umepungua, kuna dawa mpya, ametapika?

Daftari hilo lilitusaidia alipokwenda msibani Ukerewe bila chupa yake. Aliporudi aliongea kawaida, ila wanyama walikuwa wameshuka kutoka 14 hadi 9 na karatasi ya namba ilichukua karibu mara mbili ya muda wake. Choo kilikuwa kigumu tangu alipopanda meli. Tulimpigia daktari, dozi ikapandishwa, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amerudi. Zamani tungesubiri mpaka avae shati kinyume.

Lakini mtu ambaye tayari amechanganyikiwa, anayelala kiasi kwamba huwezi kumwamsha vizuri, anayetapika damu, au mwenye homa na tumbo linalouma, huyo usimletee karatasi wala saa. Tafuta gari umpeleke hospitali, hata kama ni usiku. Damu ikivuja tumboni, yenyewe ni protini nyingi inayogeuka amonia, na maambukizi kwenye maji ya tumbo yanaua haraka.

Ukienda kliniki, omba kwa adabu: "Daktari, tunaomba apimwe umakini, hata kwa kutaja wanyama." Wa kwetu alilipokea vizuri, na sasa analifanya kila mjomba anapokwenda. Usipolitaja, foleni ya siku ile itamfikisha kwenye jina na tarehe tu.

Mjomba bado anachukia karatasi za namba. Wanyama anawapenda siku hizi, na samaki ndio anaoanza nao. Watoto wake wote wamepimwa homa ya ini B. Wakubwa, waliozaliwa kabla chanjo hiyo haijaingia kwenye ratiba ya watoto wachanga nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, walianza sindano zao tatu baada ya majibu kuwa safi. Mke wake naye amemaliza zake. Kliniki ijayo ataomba tena ufunguo wa pikipiki, ameshanitaarifu, na daktari atampa penseli kwanza.